Maswali ya dhana: kanusha kwanza, ndipo uchague

Swali la dhana kwenye mtihani hukupa hoja fupi na majibu kadhaa, nawe uchague dhana ambayo hoja inaitegemea. Anza na hitimisho. Mara nyingi linafuata "kwa hiyo" au "hivyo". Lipigie mstari, kisha tafuta sababu. Dhana ni kile ambacho mwandishi hakukisema, lakini bila hicho sababu haifiki kwenye hitimisho.

Chukua hoja hii: "Mvua za Dodoma ni chache mwaka huu, kwa hiyo wakulima wapande mtama badala ya mahindi." Mtama umeibukia kwenye hitimisho tu, sababu haikuutaja. Neno jipya la namna hiyo ndilo la kufuatilia.

Sasa kanusha kila jibu, yaani chukulia kuwa si kweli, uone kama hoja inaanguka. "Mtama huvumilia ukame kuliko mahindi": likikanushwa, hoja haina pa kusimama. Hilo ndilo jibu. "Mtama huvumilia ukame kuliko mazao yote" linavutia, na hapa ndipo wengi hunaswa. Likanushe: lipo zao linaloushinda, tuseme uwele. Ushauri wa kuacha mahindi haujaguswa, basi jibu hilo limezidi kipimo. "Mtama una bei nzuri sokoni Kibaigwa"? Huenda ni kweli, ila hoja hailitegemei.

Na ukanushe kwa usahihi: kinyume cha "wote" ni "si wote", wala si "hakuna hata mmoja". Muda ukibana, yakanushe yale mawili tu yanayokutatiza.