Mipangilio ya jazi kwa kundi dogo la brasi: jinsi ya kuitafuta na kuikagua

Mpangilio wa jazi kwa brasi, yaani wimbo ulioandikwa upya kwa ala za shaba za kupuliza, hukaguliwa kuanzia chini. Tarumbeta ya kwanza karibu kila mara itakuwa na melodi tamu, kwa kuwa melodi ni ya mtunzi. Kazi ya mpangaji mwenyewe iko kwenye tuba, ala ya sauti ya chini kabisa, na sauti za kati, na huko ndiko mipangilio mingi inakoharibikia. Ukionyeshwa kurasa mbili za mfano kabla ya kununua, usisome mstari wa juu kwanza.

Kabla ya kutafuta chochote, andika kundi lako lilivyo. Kwinteti ya kawaida ni tarumbeta mbili, honi, tromboni na tuba, nayo ndiyo yenye mipangilio mingi kuliko makundi mengine. Canadian Brass, walioanza Toronto mwaka 1970, walichangia sana hilo; mipangilio ambayo Luther Henderson aliwaandikia kutokana na nyimbo za Fats Waller, mpiga piano wa jazi, bado ni kipimo kizuri cha kazi safi. Kundi la watu kumi la Philip Jones, mpiga tarumbeta wa Uingereza, lilikuwa na tarumbeta nne, honi moja, tromboni nne na tuba, na mipangilio ya umbo hilo inapatikana pia. Watu wanne hupata vitu vichache, mara nyingi kwa tarumbeta mbili na tromboni mbili.

Kisha andika noti ya juu ambayo kila mpigaji anaifikia bila shida. Usiandike ile anayoipata siku akiwa na nguvu. Andika ile anayoipata baada ya dakika 40 za mazoezi, midomo ikiwa imechoka. Andika nani anaweza kubuni solo papo hapo bila noti, na kama mna mpiga ngoma.

Kama hamna honi, tafuta toleo lenye karatasi mbadala, yaani sehemu ya honi iliyoandikiwa ala nyingine, lakini usiliamini jina la karatasi tu. Tarumbeta na flugelhorn (ndugu yake mwenye sauti laini zaidi) za B-flati hazishuki chini ya E iliyo chini ya C ya kati, kwa sauti halisi. Sehemu ya honi hupita hapo mara kwa mara. Mchapishaji akiwa amehamisha noti tu bila kuandika upya, utakuta ama noti zisizopigika, ama mistari inayorukishwa oktava nzima juu katikati ya sentensi hadi inamfunika tarumbeta wa pili. Tromboni ya pili ni salama zaidi kwa upande huo, ila itakaa juu muda mrefu na kuchosha.

Sasa tuba. Beesi ya kutembea, yaani noti moja kwa kila pigo, ni nzuri kwenye gitaa la beesi kwa sababu gitaa halipumui. Piga hesabu: kwa kasi ya mapigo 160 kwa dakika, baa 8 (baa hapa ni kundi la mapigo manne) ni mapigo 32, sawa na sekunde 12. Sekunde 12 za noti nzito za chini, kwa sauti kubwa, humaliza pumzi ya wapigaji wengi. Mpangaji anayejua kazi yake huacha pigo moja wazi kila baada ya baa mbili au tatu, au huandika noti mbili tu kwa baa kwenye mzunguko wa kwanza, au huikabidhi tromboni mstari wa beesi kwa baa nne. Asiyejua hujaza kila pigo. Mpigaji atapumua tu, na asipoonyeshwa mahali, pengo litaangukia pigo la kwanza la baa, pale kordi (noti kadhaa zinazosikika pamoja) inapobadilika, na wimbo utaonekana kuchechemea bila mtu kujua kwa nini.

Kwa sauti za kati, chagua baa moja yenye kordi ya saba, tuseme C7, uandike noti zote zinazosikika. Noti mbili zinazoipa kordi sura ni E na B-flati. Kama melodi haina mojawapo, lazima iwe kwa honi, tromboni au tarumbeta ya pili. G inaweza kukosekana na hakuna atakayeilalamikia. Ukikuta C tatu, G mbili na B-flati haipo, huo ni wimbo wa kanisani uliovalishwa kofia ya jazi. Angalia pia tuba na tromboni zisiwe zimebanana chini kabisa kwa umbali wa noti tatu. Huko chini umbali huo hutoa mngurumo, na kordi haisikiki tena.

Mtihani mwingine wa haraka ni mtelezo wa tromboni, yaani kupita kutoka noti moja hadi nyingine bila kukatika kwa kusogeza sleidi, mrija wake unaovutwa. Kwenye tromboni ya kawaida ya tenori, kuteleza kutoka B ya mstari wa pili kwenda F iliyo juu yake kunawezekana: ni kutoka nafasi ya saba ya sleidi hadi ya kwanza. Kutoka B-flati, nusu toni tu chini yake, hakuna njia, kwa sababu sleidi imeshaisha. Ukiona mtelezo wa B-flati kwenda F umeandikwa, aliyeandika hajawahi kumuuliza mpiga tromboni.

Kuhusu mdundo, karatasi nzuri huandika noti za nusu pigo zikiwa sawa na kuweka neno swing juu, yaani noti ya kwanza ya kila jozi ipigwe ndefu kuliko ya pili. Zikiwa zimeandikwa kwa nukta, robo tatu ya pigo kisha robo, kundi linalotii karatasi litasikika kama gwaride. Swing ya kasi ya wastani iko karibu na mbili kwa moja, na kadiri kasi inavyopanda ndivyo noti zinavyokaribia kulingana. Tazama pia alama za noti fupi na ndefu. Zisipokuwepo, watu watano watakuwa na maoni matano na mazoezi yataishia kwenye mabishano.

Myuti, vizibo vinavyowekwa mdomoni mwa ala kubadilisha sauti, zinahitaji muda wa kuwekwa na kutolewa. Baa nne kwa kasi ya 120 ni sekunde 8, zinatosha. Baa mbili ni sekunde 4, na hapo ndipo chuma huanguka sakafuni katikati ya solo ya mwenzako.

Hesabu baa za mapumziko za tarumbeta ya kwanza. Wimbo wa baa 96 usio na pumziko hata moja la zaidi ya baa nne utamchosha kabla ya mwisho, na mwisho ndipo noti za juu zilipo. Namba za ugumu za wachapishaji hazikusaidii sana hapa. Hupima zaidi ufunguo na wingi wa noti kuliko uchovu wa midomo.

Kwenye solo, taka vyote viwili: solo iliyoandikwa na majina ya kordi juu yake. Hakikisha majina hayo yamehamishwa: F7 halisi iwe G7 kwa tarumbeta ya B-flati na C7 kwa honi ya F. Kosa hili hutokea kuliko inavyodhaniwa, na mpigaji ndiye hulaumiwa.

Njia nzuri ya kutafuta ni kusikiliza rekodi za makundi yenye umbo kama lenu, kusoma jina la mpangaji, kisha kutafuta kwa jina hilo badala ya jina la wimbo. Masoko ambako wapangaji huweka kazi zao wenyewe yana dhahabu na takataka rafu moja. Sauti ya mfano huko mara nyingi ni ya kompyuta, ambayo haichoki wala haiishiwi pumzi. Weka metronomu (kifaa cha kuhesabu mapigo), imba mstari wa tuba mwenyewe, upumue pale tu penye pumziko.

Vya bure vipo IMSLP, maktaba ya mtandaoni iliyoanza 2006, hasa ragitaimu za Scott Joplin, aliyefariki 1917. Lakini haki hutofautiana kwa nchi. “St. Louis Blues” ya W. C. Handy, ya 1914, iko huru Marekani; nchi zinazohesabu miaka 70 baada ya kifo cha mtunzi zinailinda hadi mwisho wa 2028, maana Handy alifariki 1958. Na wimbo kuwa huru hakuufanyi mpangilio mpya wa mtu kuwa huru.

Kabla ya kulipa, uliza: karatasi ya sauti zote imo? Ngoma je? Nakala ngapi zinaruhusiwa kuchapwa? Sehemu ya tuba imeandikwa kwa alama ya ufunguo wa beesi mwanzoni mwa mstari au ule wa juu unaotumiwa na brasi bendi za Uingereza?

Siku ya kwanza ya mazoezi, waache honi na tromboni wapige peke yao baa 16 polepole. Kordi zikisikika zikibadilika, una mpangilio. Zisiposikika, penseli haitauokoa. Tuba iliyojazwa kupita kiasi, hata hivyo, inaokolewa kwa kufuta pigo la nne kila baa ya pili, na tarumbeta mbili zinaweza kubadilishana sehemu nusu ya wimbo.