SOMO: Skuta au baiskeli yako ya umeme inavumilia maji kiasi gani?

Wakuu, maneno "haiingizi maji" kwenye tangazo yapuuzeni. Tafuteni alama ya IP (herufi IP zikifuatwa na tarakimu mbili za kinga dhidi ya vumbi na maji), inayotokana na kiwango cha kimataifa cha IEC 60529.

Hatua ya 1: Soma tarakimu ya pili

Tarakimu ya kwanza ni ya vumbi, ya pili ni ya maji. Ukiona X, upande huo haukupewa daraja. IPX4 ni maji ya kurushiwa kutoka kila upande. IPX5 ni maji ya kasi kutoka mdomo wa bomba wa milimita 6.3, lita 12.5 kwa dakika. IPX6 inapanda hadi lita 100 kwa dakika. IPX7 ni kuzamishwa hadi kina cha mita 1 kwa dakika 30.

Hapa ndipo wengi wanapoingia mkenge. Saba si tano iliyoongezewa mbili! Chombo cha IPX7 huenda hakijawahi kupigwa maji ya kasi hata mara moja, ndiyo maana vingine huandikwa alama zote mbili, IPX5/IPX7. Kwa anayeendesha kwenye mvua, mimi naona X5 au X6 ina faida kuliko X7 peke yake.

Hatua ya 2: Uliza alama ni ya kifaa gani

Betri inaweza kuwa IP67 huku chombo kizima ni IP54. Muuzaji atakutajia ipi? Unajua mwenyewe.

Hatua ya 3: Kagua maji yanapopitia

Kwenye skuta nyingi betri imelala chini ya ubao wa kukanyagia, na kifuniko chake kina mpira wa kuzuia maji. Fundi akikifungua na kukirudisha mpira ukiwa umejikunja, ile alama inabaki maandishi tu. Angalia pia kifuniko cha tundu la kuchajia.

Kwenye mota ya gurudumuni, waya huingilia kwenye ekseli. Mota ikipata moto, hewa ya ndani hutanuka na kutoka. Ukiitumbukiza kwenye dimbwi, inapoa ghafla, hewa inasinyaa, na maji yanafyonzwa kupitia beringi na penye waya. Kwa hiyo dimbwi baada ya kupanda mlima mrefu ni baya kuliko mvua ya kawaida. Waya nao uache ulegee chini ya tundu unapoingilia, ili matone yadondoke badala ya kuufuata hadi ndani.

Hatua ya 4: Ikishalowa

Zima, futa, toa betri kama inatoka, acha penye hewa. Usichaji mpaka ikauke kabisa. Usiianike karibu na moto.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mkuu, yangu ni IP67. Naweza kuiosha kwa mashine ya presha?*
Hapana. Maji ya presha kali yana daraja lake, IPX9, linalopimwa kwa maji ya nyuzi 80 na presha ya baa 80 hadi 100. Tumia kitambaa chenye unyevu.

*Naendesha kandokando ya bahari. Alama inanilinda?*
Kidogo tu, ndugu. Majaribio hayo hufanywa kwa maji yasiyo na chumvi. Chumvi hubaki hata maji yakikauka, na inakula viunganishi polepole. Pitisha kitambaa cha maji safi kila ukirudi.

*Betri yangu ilizama lakini inawasha vizuri. Nichaji?*
Usichaji, dada. Kutu hutafuna bodi ya ndani taratibu, na shoti inaweza kuja siku kadhaa baadaye. Betri ya lithiamu ikishika moto haizimiki kirahisi. Itoe nje ya nyumba, iweke mbali na chochote kinachoungua, kisha fundi wa betri aikague.

*Nikipaka silikoni kila mahali je?*
Unyevu uliomo utakosa pa kutokea, na kila matengenezo yatakuwa vita ya kubandua. Paka grisi ya viunganishi vya umeme kwenye plagi, inatosha. Na kama betri ina kitundu cha kupumulia, usikizibe hata kidogo: ndiko gesi inakotokea seli zikiharibika.