Prednisoloni: namna ya kuimeza, na namna ya kuiacha

Hatua ya 1: Prednisoloni, dawa ya steroidi inayotuliza uvimbe na kushusha kinga ya mwili, meza asubuhi. Dozi yote kwa mkupuo, baada ya uji au chai yenye kitafunwa. Ukimeza jioni, usingizi utakupaa. Diklofenaki, ile dawa ya maumivu, weka kando. Zikitumika pamoja huleta vidonda vya tumbo.

Hatua ya 2: Kabla ya dozi ndefu, pima sukari na presha. Kikohozi cha wiki mbili kitaje, kipimwe TB. Usiseme "minyoo nilishamaliza" kwa sababu ulimeza dawa ya kichocho. Dawa hiyo, prazikwanteli, haiui strongiloidesi, mnyoo anayepenya ngozi ya anayetembea peku kwenye udongo wenye kinyesi. Kinga ikishushwa na prednisoloni, huyu huzaliana na kusambaa mwilini hadi kuua. Muulize daktari kuhusu ivamektini, dawa inayomuua mnyoo huyu.

Hatua ya 3: Kushusha dozi. Hapa ndipo watu wanapoumia. Ukitumia zaidi ya wiki tatu, tezi zilizo juu ya figo huacha kutengeneza kotisoli, homoni ya mwili inayofanana na dawa hii, kwa hiyo ukikata ghafla mwili unabaki mtupu: uchovu wa kushindwa kuinuka, kutapika, kizunguzungu ukisimama, presha kushuka. Huku kwetu dalili hizo huitwa malaria kabla hata ya kipimo, na hakuna anayeuliza vidonge viliisha lini.

Daktari akuandikie ratiba, uinakili kwenye daftari, wiki kwa wiki. Mfano wa kutoka miligramu 20: wiki ya kwanza 15, kisha 10, 7.5, 5, 2.5. Kwa vidonge vya miligramu 5 hivyo ni 56. Nunua vyote siku moja, hasa kama unavuka kurudi Ukerewe. Vidonge kuisha kisiwani ndiko kukata ghafla kwenyewe. Aliyetumia miezi mingi hushuka polepole zaidi, hasa chini ya 7.5. Dukani usikubali kubadilishiwa deksamethasoni, dawa ya jamii hiyohiyo yenye nguvu zaidi, kidonge kwa kidonge: miligramu 0.75 tu ni sawa na 5 za prednisoloni.

Ukipata malaria kweli katikati ya ratiba, usiache vidonge. Mwili wenye homa huhitaji zaidi, na daktari huongeza kwa siku chache. Ukivitapika, nenda hospitali ukachomwe haidrokotisoni, sindano ya kuziba pengo la vidonge, siku hiyohiyo.

Hatua ya 4: Baada ya kumaliza. Tezi zinaweza kuchukua hadi mwaka kurudi sawa. Ukienda kufanyiwa upasuaji ndani ya muda huo, mwambie mtoa usingizi kabla hujapanda kitandani, na umwonyeshe daftari.