Wanataka Jina Lako: Jinsi ya Kuomba Mahakama ya Marekani Izuie Samansi ya Hakimiliki Ukiwa Arusha

Kijana aliingia dukani kwangu Ngarenaro kama saa kumi jioni, simu mkononi, akaomba nimprintie kurasa nne. Nina steshenari ndogo. Kazi yangu ni vyeti vya kuzaliwa, fomu za mikopo ya wanafunzi, mikataba ya bodaboda. Kurasa hizi zilikuwa za Kiingereza, na juu kabisa paliandikwa jina la mahakama moja ya California.

"Mama, wanataka jina langu."

Anaendesha chaneli ya kuchambua filamu. Anakata kipande cha sekunde kadhaa, anaweka sauti yake juu, anawacheka waigizaji. Jina la chaneli si lake na uso wake hauonekani popote. Kampuni yenye hakimiliki ya filamu mojawapo ilikuwa imechukua samansi, yaani amri ya mahakama ya kutoa taarifa, dhidi ya mtoa huduma wa akaunti yake, ikitaka jina, barua pepe, namba ya simu na anwani za IP, zile namba zinazoonyesha laini uliyoingilia mtandaoni. Mtoa huduma naye akamwandikia: usipotuletea nakala ya ombi ulilofungua mahakamani kabla ya tarehe hii, tunatoa.

Barua ilikuwa imekaa kwenye spamu siku tisa.

Tangu siku ile wamekuja wengine wawili, mmoja kapanda basi kutoka Moshi, ndiyo maana naandika. Mimi si wakili. Haya nimeyapata kwa kusoma kanuni na kwa kukosea. Na kosa nililoliona mara nyingi, ambalo hata mimi nimelifanya, halihusu hoja za kisheria: ni mtu kulitoa jina lake kwa mkono wake mwenyewe, ndani ya makaratasi yaleyale anayoombea lisitolewe.

Hakikisha barua ni ya kweli

Usibofye kiungo chochote kwanza. Aprili 2025 walaghai walisambaza barua pepe iliyoonekana kabisa imetoka Google, ikidai kuna samansi dhidi ya akaunti yako, na kiungo chake kikakupeleka kwenye ukurasa wa kuiba nywila. Hata watu wa kompyuta walikaribia kunaswa.

Samansi ya kweli ina vitu vitatu: jina la mahakama, namba ya shauri, na jina la wakili aliyeiomba. Chukua namba ya shauri uitafute mwenyewe kwenye PACER, mfumo wa kumbukumbu za mahakama za shirikisho za Marekani. Wanatoza senti 10 za dola kwa ukurasa, hati moja haizidi dola 3, na ukitumia dola 30 au pungufu katika miezi mitatu hawakudai kitu. Kabla ya hapo jaribu tovuti ya CourtListener, nakala nyingi ziko pale bure. Shauri lisipoonekana popote, muulize mtoa huduma kupitia ukurasa wake wa msaada, usijibu barua ile.

Soma tarehe, kisha jua ni mlango gani

Kuna tarehe ya mwisho ndani ya barua. Iandike ukutani. Haijali uliifungua lini. Ukikaa kimya, mtoa huduma atatoa taarifa na hutakuwa na pa kulalamikia.

Halafu angalia samansi imepitia mlango gani, kwa kuwa majibu yanatofautiana. Mlango wa kwanza ni kifungu cha 512(h) cha sheria ya hakimiliki ya Marekani, kilichoingizwa mwaka 1998. Hapa mwenye hakimiliki hahitaji jaji wala kesi. Anapeleka masjala nakala ya malalamiko yake, rasimu ya samansi, na tamko la kiapo kwamba jina analitaka kwa ajili ya kulinda haki zake tu. Karani akiona vimekamilika anagonga muhuri. Hakuna aliyepima kama kweli umeiba.

Mlango wa pili ni kesi iliyofunguliwa dhidi ya mtu asiyejulikana, ambaye wao humwita Doe, kama sisi tunavyosema Fulani bin Fulani. Hapo jaji ameshaombwa ruhusa ya kumtafuta Fulani mapema. Hii ndiyo njia ya kesi nyingi za kupakua filamu kwa torenti, yaani watu kugawiana mafaili wao kwa wao mtandaoni.

Tofauti hiyo ina faida. Mahakama ya rufani ya Washington, D.C. iliamua mwaka 2003, katika mvutano wa makampuni ya muziki na Verizon, kwamba mlango wa kwanza hautumiki kwa kampuni inayopitisha tu intaneti bila kuhifadhi hizo kazi. Mahakama nyingine ya rufani ikasema vivyo hivyo mwaka 2005. Kwa hiyo kama samansi ya karani imekwenda kwa mwenye bomba la intaneti tu, una hoja tayari.

Usijiuze

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo nilipoharibu.

Dada mmoja wa Majengo, Moshi, video yake iliondolewa kwa madai ya hakimiliki. Chini ya taarifa kulikuwa na kitufe cha kupinga. Nikamsaidia kujaza: jina kamili, anwani, simu, na tiki ya kukubali mamlaka ya mahakama za Marekani. Tulijaza kwa uaminifu kama fomu ya NIDA. Baada ya siku chache akapigiwa simu na upande wa pili. Sheria ile ndivyo ilivyo: pingamizi ni lazima liwe na jina na anwani, na mtoa huduma analipeleka kwa mlalamikaji. Hakuna aliyevujisha siri, tulimpelekea wenyewe. Pingamizi linarudisha video, kwa kawaida kati ya siku 10 na 14 za kazi kama hujashtakiwa, ila si kinga ya jina. Kama unachotaka ni jina lisijulikane, usiguse kitufe hicho.

Vilevile usimpigie wakili wao kwa laini yako. Laini zetu zote zimesajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA. Usimwandikie kwa barua pepe ya kazini. Usifute akaunti kwa hofu: kumbukumbu mtoa huduma anazo, na kufuta kunaonekana kama kuharibu ushahidi. VPN, programu ya kuficha anwani yako ya IP, ukiiwasha leo haigusi anwani za IP za mwezi uliopita.

Na wakikuandikia "lipa kiasi fulani yaishe", usilipe kabla hujapata ushauri. Watakutajia dola 150,000, na ni kweli sheria yao inafika huko kwa kila kazi ikithibitika ulikusudia, lakini ngazi ya kawaida inaanzia dola 750, na yote hayo ni baada ya kushindwa kesi.

Pima hoja yako bila kujidanganya

Ukiwa ulipandisha filamu nzima kama ilivyo, ombi lako ni dhaifu. Afadhali nikwambie sasa kuliko ulipie karatasi. Uchambuzi, dhihaka, kunukuu kipande, kufundishia: hizo zinaweza kuingia kwenye kile Wamarekani wanachokiita matumizi ya haki. Jaji hupima kusudi lako, aina ya kazi, umechukua kiasi gani, na kama umemharibia mwenye kazi soko lake. Mwaka 2022 jaji wa San Francisco alitengua samansi ya 512(h) iliyotaka jina la mtumiaji wa Twitter aliyeweka picha kumkejeli tajiri mmoja. Aliona matumizi yale ni ya haki, na mwenye hakimiliki hakuonyesha sababu ya kutosha ya kumfichua msemaji asiyejulikana.

Ila usiinakili hoja hiyo nzima nzima. Sehemu yake imeegemea katiba ya Marekani, na Mahakama yao ya Juu ilisema mwaka 2020 kwamba mgeni aliye nje ya nchi yao hana haki za katiba hiyo. Wewe uliyeko Sakina au Rau weka mbele maneno ya sheria yenyewe: matumizi ya haki, samansi iliyopitia mlango usio wake, au muda mfupi usiotosha.

Kwa kesi za torenti kuna hoja ya anwani ya IP. Mwaka 2018 mahakama ya rufani ya huko magharibi ilisema kwamba kuwa mwenye laini ya intaneti tu hakutoshi kumfanya mtu kuwa mwizi wa filamu. Na huku kwetu mitandao ya simu huwapa wateja wengi anwani moja kwa wakati mmoja. Hostel nzima inaweza kuwa nyuma ya ruta moja. Hoja hii husaidia zaidi kesi yenyewe kuliko kuzuia jina, kwa hiyo itaje, usiitegemee peke yake.

Andaa makaratasi

Wakili wa Arusha hawezi kukufungulia ombi kule kama hajasajiliwa kule. Ukimpata wakili wa Marekani, shida ya jina inapungua mno, maana atasaini yeye kwa niaba ya Doe. Electronic Frontier Foundation ya San Francisco, shirika linalotetea haki za watu mtandaoni, hupokea maombi ya msaada na huwaunganisha watu na mawakili. Waandikie siku hiyohiyo uliyoiona barua.

Ukienda peke yako, unahitaji ombi la kutengua samansi, tamko lako, ombi la kuruhusiwa kutumia jina la bandia, na rasimu ya amri unayotaka jaji asaini. Vyote kwa Kiingereza. Andika pia kwamba umekuja kwa ombi hili tu na hukubali mamlaka ya mahakama kwa jambo lingine.

Mtego uko kwenye saini. Kanuni ya 11 ya mwenendo wa kesi za madai katika mahakama zao za shirikisho inamtaka asiye na wakili asaini mwenyewe na kuandika anwani, barua pepe na simu. Ndiyo maana lile ombi la jina la bandia linatangulia, na ukurasa wenye jina halisi unaombwa uwekwe chini ya siri ya mahakama, peke yake. Ukiubandika nyuma ya ombi kuu, umeshajitangaza, kwa sababu ombi kuu linasomwa na dunia nzima.

Tamko halihitaji muhuri. Watu hukimbilia kwa wakili wa kiapo, wanalipa, na muhuri unabaki na jina lao na la mji. Sheria ya Marekani inaruhusu anayeandikia nje ya nchi kutangaza, kwa adhabu ya kiapo cha uongo chini ya sheria za Marekani, kwamba aliyosema ni kweli, kisha anaweka tarehe na kusaini. Inatosha.

Sasa angalia faili. Yule kijana alipomaliza, niliifungua PDF yake upande wa taarifa za faili. Juu palikuwa na Doe, safi kabisa. Chini, mahali pa mwandishi, palikuwa na majina yake matatu na jina la chuo, kama yalivyosajiliwa kwenye Word ya laptop yake. Tukaiprinti, tukaiskani upya kwa mashine ya dukani, tukaangalia tena. Skrinishoti nazo zikague: picha ndogo ya akaunti kwenye kona, jina la Wi-Fi, namba ya simu kwenye taarifa inayoshuka juu ya kioo.

Wasilisha

Ombi linapelekwa mahakama ya eneo ambalo samansi inatakiwa kutekelezwa. Eneo hilo limeandikwa kwenye samansi yenyewe. Ukiliingiza kwenye shauri lililopo hakuna ada. Ukilazimika kufungua shauri dogo jipya ni dola 52. Tovuti ya kila mahakama ina sehemu ya wasio na wakili, na ile ya Kaskazini mwa California ina kitabu chao cha bure. Soma kama wanapokea kwa mtandao au wanataka karatasi. Kwa karatasi, EMS ya Posta pale Mnara wa Saa ipo, lakini kinachohesabiwa ni siku inayofika masjala, si siku uliyoituma, kwa hiyo njia hii usiiache mwishoni.

Kwa mtandao, siku inaisha kwa saa zao. Dakika ya mwisho ya siku ya California ni saa nne kasoro dakika moja asubuhi ya kesho yake huku kwetu, na kati ya Novemba na Machi ni saa tano kasoro dakika moja. Umeme ukikatika saa tatu, utanikumbuka.

Nakala yenye muhuri wa mahakama mpelekee mtoa huduma mara moja, kwa anwani iliyo kwenye barua yake. Bila hiyo hana habari kwamba umepinga. Yule kijana alijibiwa kwa mstari mmoja: tunasubiri amri.

Upande wa nyumbani

Wakipata namba ya simu tu, bado wanahitaji kampuni ya simu ya hapa ili wajue ni nani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inakupa haki ya kuiandikia kampuni hiyo na kuuliza ina taarifa gani zako na imempa nani. Isipojibu, au ikiwa imetoa kinyume cha sheria, malalamiko yanakwenda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Dodoma. Jinai ni habari nyingine: chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, mkuu wa kituo cha polisi anaweza kuamuru data itolewe kwa uchunguzi, na hiyo haipiti California.

Baada ya hapo fungua PACER kila wiki. Amri inaweza kutoka bila wewe kupata barua. Ombi likikataliwa na hakimu wa ngazi ya chini, una siku 14 za kupinga kwa jaji tangu upewe nakala, Jumamosi na Jumapili zikiwemo.