Kodi uliyokatwa kupita kiasi: namna ya kuidai na kuifuatilia

Kila Juni saiba yangu hapa Langoni, mjini Amu (Lamu), Kenya, hujaa watu. Juni 30 ndiyo siku ya mwisho ya kufaili ritani, yaani taarifa ya mapato na kodi yako, ya mwaka uliopita, na anayechelewa hutozwa faini isiyopungua Sh2,000. Wengi wanataka risiti tu waondoke. Mimi huwaomba wakae kidogo, kwa sababu wapo ambao serikali inashika pesa zao na hawajui, hasa wanaofanya kazi za msimu hotelini.

Hatua ya 1: Jua kwa nini unadai

Mwajiri hukata kodi kwa hesabu ya mwezi, lakini sheria inakutoza kwa hesabu ya mwaka mzima. Ukilipwa mshahara uleule miezi 12, hesabu hizo hukutana. Ukifanya kazi miezi michache, mara nyingi hazikutani.

Mhudumu mmoja wa hoteli alivuka na mashua kutoka Shela kuja kwangu. Mwaka 2024 alifanya kazi miezi 8, maana hoteli ilifungwa wakati wa masika. Mshahara wake wa kutozwa kodi, makato ya NSSF (akiba ya uzeeni) yakishatolewa, ulikuwa Sh40,000 kwa mwezi. Sh24,000 za kwanza hutozwa asilimia 10, yaani Sh2,400. Sh8,333 zinazofuata hutozwa asilimia 25, na zilizobaki asilimia 30. Jumla ni Sh6,783. Ukiondoa nafuu ya Sh2,400 anayopewa kila mkaazi kwa mwezi, alikatwa Sh4,383. Kwa miezi 8 ni kama Sh35,066.

Sasa hesabu ya mwaka. Mapato yake yote ni Sh320,000. Sh288,000 za kwanza (24,000 mara 12) hutozwa asilimia 10, na Sh32,000 zilizobaki asilimia 25: jumla Sh36,800. Nafuu ya mwaka ni Sh28,800. Kodi aliyopaswa kulipa ni Sh8,000 tu, kwa hiyo anadai zaidi ya Sh27,000. Alinitazama akaniuliza, “Hizi ni zangu kweli, shangazi?” Ni zake.

Sababu nyingine zipo. Bima ya maisha, kwa mfano, ina nafuu ya asilimia 15 ya malipo yako, isizidi Sh60,000 kwa mwaka. Mwenye cheti cha msamaha wa kodi kwa ajili ya ulemavu hatozwi kwenye Sh150,000 za kwanza za kila mwezi. Na mtaalamu aliyekatwa asilimia 5 kwenye ada zake huenda amelipa kuliko anavyodaiwa.

Hatua ya 2: Kagua P9 kabla ya kugusa kompyuta

Hapa ndipo madai mengi hukwama, kwa hiyo usiharakishe. P9 ni karatasi ya mwajiri inayoonyesha ulicholipwa na ulichokatwa kila mwezi. Mamlaka ya Ushuru, KRA, haiangalii karatasi hiyo peke yake. Huilinganisha na taarifa ambazo mwajiri alituma kwa jina na PIN yako, yaani namba yako ya mlipakodi.

Mimi huweka P9 kando ya skrini na kushuka na kidole mwezi baada ya mwezi. Kuna mama mmoja ambaye karatasi yake ilikuwa na miezi 12, lakini kwenye mfumo wa KRA ilionekana 9 tu. Pesa zilikatwa kwenye mshahara wake, mwajiri hakuzitangaza. Inauma, kwani yeye hakukosea lolote. Ukikuta hivyo, mwandikie mwajiri barua, ubaki na nakala, umtake arekebishe taarifa zake. Ukiomba kabla hajarekebisha, jibu litakuwa hapana.

Hatua ya 3: Faili, kisha soma mstari wa mwisho

Ingia iTax, mfumo wa KRA wa mtandaoni, kwa PIN na neno lako la siri. Ukimaliza kujaza ritani, tazama kiasi cha mwisho. Kikiwa na alama ya kutoa, umelipa zaidi. Weka akaunti ya benki iliyo kwa jina lako mwenyewe, wala usitumie ya mume au ya ndugu.

Hatua ya 4: Omba

Kufaili si kuomba. Wako watu wanaosubiri miaka miwili kumbe hawakuomba kamwe. Nenda sehemu ya Refund (kurudishiwa kodi), chagua kodi ya mapato na mwaka husika, uambatishe P9 na vyeti vyako. Hifadhi risiti yenye namba ya ombi.

Hatua ya 5: Fuatilia

Kwa namba hiyo, angalia ombi lilipofika ndani ya iTax angalau mara moja kwa mwezi, na usome baruapepe yako, kwani ofisa akitaka hati zaidi huandikia huko. Ombi likikubaliwa haina maana pesa zimeingia benki. Malipo hufuata baadaye. Angalia pia leja yako, yaani hesabu ya kodi ulizolipa na unazodaiwa: ukiwa na deni au faini ya zamani, kiasi hicho kinaweza kukatwa kwanza, na ndiyo sababu mtu hupokea pungufu ya alichodai.

Ukikataliwa, soma sababu iliyoandikwa. Kama hukubaliani nayo, una siku 30 tangu kujulishwa uamuzi kuupinga.

Sheria inakupa miaka 5 tangu kodi ilipolipwa kuomba. Yule kijana wa Shela nilipomwambia hivyo, alirudi wiki iliyofuata na P9 tatu za miaka ya nyuma ndani ya bahasha, tukaanza na ile kongwe.