Farasi akilazwa kwa thiopentali, wewe unayeshika kamba fanya hivi

Kwanza tuelewane, thiopentali ni dawa ya usingizi ya kuchoma mshipani, na anayechoma ni daktari wa mifugo, sio wewe wala yule jamaa wa bandani anayejua kila kitu. Thiopentali ni kali kama magadi, pH yake inapita 10, ikivuja nje ya mshipa wa shingo nyama ya pale inakufa na ngozi inabanduka, ndo maana daktari anaweka kanyula kwanza, yaani kamrija kembamba ndani ya mshipa. Ukiona shingo inavimba pale inapoingia dawa sema hapohapo, usisubiri amalize.

Usiku wa kuamkia siku hiyo asile, maji mwachie. Pima uzito kwa mizani au kwa futi ya kifuani, kukadiria kwa jicho ndo mwanzo wa kuzidisha dozi. Viatu vya chuma vitoe.

Sasa hapa ndo watu wana haraka: inaanza zailazini au detomidini ya kumtuliza, halafu mnasubiri. Kichwa kishuke chini, mdomo wa chini ulegee, masikio yaache kufuata sauti. Kama bado anashtukashtuka akapigwa barbicharati, yaani hiyo thiopentali, ataanguka vibaya na mateke juu. Ikishaingia anakwenda chini ndani ya dakika moja hivi, kaa ubavuni karibu na bega, kichwa ukishike kisigonge chini.

Akilala tu vuta mguu wa mbele ulio chini uende mbele, la sivyo neva inabanwa na anaamka mguu hauchukui uzito. Toa hatamu pia, bizimu yake inakandamiza neva ya uso mdomo unapinda. Macho dawa ya mafuta, kisha taulo juu.

Thiopentali haiondoi maumivu jamani, inalaza tu, kwa hiyo kama kuna kukatwa lazima ganzi au dawa ya maumivu iwepo. Na usimsukume daktari aongeze ongeze, kwani farasi anaamka kwa sababu dawa imetoka kwenye ubongo ikaingia kwenye misuli na mafuta, bado imo mwilini, dozi za kuongezea zinajazana na kuamka kunakuwa kwa kuyumba muda mrefu. Kazi ndefu wanahamia gesi ya usingizi.

Kuamka: kimya, mwanga hafifu, hakuna kumpiga makofi eti aamke. Macho yakiwa bado yanachezacheza piga goti shingoni nyuma ya masikio umzuie asikurupuke. Akikaa kifuani mwache ajipange mwenyewe, na chakula asipewe mpaka amesimama imara na anameza vizuri.