Gari ya Tairi za Nyuma: Ifanyie Mazoezi Haya Kabla Mvua Haijaanza

Kila msimu wa korosho, hapa Mtwara Mark X, Crown na Brevis, Toyota ambazo nyingi husukumwa na tairi za nyuma, huongezeka mjini. Kijana kauza, kaenda Dar, karudi na gari. Wiki chache baadaye mvua ya kwanza inanyesha, na simu yangu inaanza kuita.

Mimi nilianzia kwenye Hiace, ruti ya Mtwara na Masasi, siku hizi nafundisha. Wengi wanaonijia leseni wanayo na walijifunzia IST au Vitz, gari zinazovutwa na tairi za mbele. Wote wanaogopa kukanyaga mafuta. Ukiwahoji vizuri waliowahi kugeuzwa na gari, unakuta wengi waliponzwa na kuachia mafuta ghafla katikati ya kona. Mazoezi yote hapa chini yanalenga mguu huo wa mafuta.

Hatua ya 1: Chungulia uvunguni

Ukiona propela, yaani chuma kirefu kinachozunguka, imetoka kwenye giaboksi hadi kwenye difu, lile bakuli la gia katikati ya tairi za nyuma, basi tairi za nyuma zinasukuma. Angalia na mbele pia kama tairi zake nazo zinapelekewa nguvu, maana zipo Mark X zinazoendeshwa na tairi zote nne.

Hatua ya 2: Tairi nzuri ziende nyuma

Watu wanapenda kufunga mpya mbele kwa sababu ndiko kwenye usukani. Mbele ikiteleza gari inakataa kukata kona, na ukipunguza mwendo taratibu inarudi. Nyuma ikiteleza inakugeuza. Kwa hiyo zenye kashata nene, yaani meno ambayo hayajaisha, zifunge nyuma, na upepo ujaze kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha fremu ya mlango wa dereva. Usimwachie fundi akisie kwa kupiga teke.

Hatua ya 3: Nazi kwenye buti

Toa kila kitu kwenye buti, weka nazi moja iliyofuliwa. Endesha mtaani mwendo wa kawaida, usizidi 50, na usikilize. Ukikanyaga mafuta kwa pupa nazi inagonga nyuma, ukishtuka na breki inakuja kugonga kiti, ukikata kona kwa fujo inagonga ubavuni. Kazi yako ni kuifanya iwe inabingirika polepole, isigonge. Inachukua siku tatu hadi wiki, na kuna mmoja alinivunjia nazi mbili siku ya kwanza, tukapikia wali.

Nazi inakuonyesha uzito unavyohama. Ukiachia mafuta, uzito unakimbilia mbele na tairi za nyuma zinabaki nyepesi. Kwenye lami kavu hutagundua. Kwenye lami iliyolowa kwa mvua ya kwanza, ikiwa imechanganyika na vumbi na mafuta ya malori ya miezi yote ya kiangazi, utagundua.

Hatua ya 4: Duara

Tafuta uwanja wa wazi usio na watu wala miti, omba ruhusa kwa wenyewe, na asiyehusika asikae hata pembeni. Panga madumu matupu kwenye duara la hatua kumi kutoka katikati. Zunguka nje yake kwa kilomita 15 kwa saa, mguu umetulia palepale. Mwendo ukishakaa, inua mguu kidogo sana: utaona pua ya gari inaingia ndani. Ongeza kidogo: inatoka nje. Usukani hukuugusa. Rudia mpaka uweze kulisogelea dumu na kuliacha kwa mguu peke yake, kisha zunguka upande wa pili, kisha rudia siku uwanja umelowa.

Hatua ya 5: Mkia ukichomoka

Fanyia uwanjani hapohapo kwenye matope, mwalimu akiwa kiti cha pembeni yako. Mkia ukienda kushoto, usukani nao unauzungusha kushoto, na macho yanabaki kule unakotaka gari iende. Mafuta unapunguza, huyakati. Breki usiikanyage kwa nguvu, na handibreki isahau kabisa, maana inakamata tairi zilezile ambazo tayari zimeshindwa.

Wengi wanakosea sekunde inayofuata. Tairi zikishika tena, nyoosha usukani haraka. Ukichelewa, gari inarushwa upande wa pili kwa nguvu kuliko mara ya kwanza.

Hatua ya 6: Mteremko uliolowa

Hili lilinipata mimi. Nilikuwa nashuka kutoka Newala na Hiace tupu, udongo mwekundu umelowa. Nikaingiza gia namba mbili na kuachia klachi haraka, nikidhani natumia akili kwa kuacha breki. Kwenye gari ya tairi za nyuma, injini inapozuia mwendo inazuia tairi za nyuma tu, kama vile umevuta handibreki. Mkia ukatembea, tukaishia tunatazama tulikotoka, tairi za nyuma mtaroni. Kondakta alishuka bila kusema neno, akaenda kukaa kwenye kichuguu.

Punguza mwendo na ushushe gia ukiwa bado juu, barabara ikiwa imenyooka kabla ya mteremko. Automatiki nayo usiichomeke L, ile gia ya chini, katikati ya kona.

Hatua ya 7: Tope na mchanga

Gari nyingi hizi za Kijapani zina kitufe kimeandikwa SNOW. Theluji Mtwara hatuna, lakini kibonyeze unapoondoka kwenye tope: gari inaanza kwa upole na tairi hazizunguki bure. Kwenye mchanga, zima TRC, mfumo unaozuia tairi kuzunguka bure, kwa sababu inakata nguvu pale unapoihitaji. Tairi ikianza kuchimba, acha mara moja, toa mchanga mbele yake kwa mikono, punguza upepo hadi kama PSI 20 kwenye geji, kisha ondoka polepole bila kukunja usukani.

Ukifika barabara ngumu jaza upepo kabla hujapandisha mwendo. Kama huna pampu ya umeme, ya baiskeli inafaa. Tairi moja itakula dakika kumi hivi na shati zima la jasho.